Eustoma: kuitambua, kuiotesha na kuizuia isilale chini

Ua linalouzwa kwa jina la lisianthasi kwenye maduka ya maua ya Nairobi na Arusha ni la mmea ambao jina lake la kisayansi ni Eustoma grandiflorum, wa familia ya Gentianaceae. Wengi hulikuta ndani ya shada la harusi wakadhani ni waridi. Asili yake ni mbuga za nyasi za katikati ya Marekani, kutoka Texas kupanda hadi Nebraska, pamoja na kaskazini ya Meksiko. Mbegu zilifika Japani miaka ya 1930, na aina nyingi tunazoziona sokoni leo, zenye petali tabaka kwa tabaka, za krimu, za kijani, za pinki au nyeupe zenye ukingo wa zambarau, zimetokana na uzalishaji wa mbegu ulioanzia huko.

Eustoma inasemwa kuwa ni mmea mgumu. Ukishafika bedini si mgumu kuliko nyanya. Ugumu wake wote uko kitaluni, katika wiki nane hadi kumi za mwanzo, na kibaya zaidi ni kwamba kosa la pale halionekani papo hapo. Mche huonekana mzima, wa kijani, wenye afya. Miezi miwili baadaye unagundua kwamba hauna nia ya kurefuka. Kwa hiyo sehemu ya kitalu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine, na ndiyo ya kusomwa mara mbili.

Kuitambua

Anza na majani, ua liache kwanza, maana wazalishaji wamelibadilisha ua sana lakini jani limebaki vilevile. Majani ya eustoma hukaa mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba na jozi ya chini yake. Hayana kikonyo; kitako cha jani hukumbatia shina moja kwa moja. Ukingo ni laini, hauna meno. Rangi ni kijani cha majivu kinachoelekea ubuluu, kwa sababu jani lina utando wa nta. Pitisha kidole gumba juu yake: nta hutoka na kuacha alama ya kijani kilichokolea. Geuza jani utazame chini: mishipa mitatu mikuu, pengine mitano, huanzia pamoja kitakoni na kwenda sambamba kuelekea ncha.

Kisha tafuta tumba lililokomaa ambalo bado halijafunguka. Petali zake zimejisokota upande mmoja kama mwavuli uliofungwa. Msokoto huo ni alama ya karibu familia nzima ya Gentianaceae. Sepali, kwa kawaida tano, ni nyembamba na zina ncha ndefu iliyochongoka.

Ua la aina ya asili lina petali tano au sita zilizoungana chini kuwa kikombe, upana wa sentimita 5 hadi 8, rangi ya zambarau yenye ubuluu, na doa la zambarau iliyokolea kooni. Stameni ni nyingi sawasawa na petali na zimeshikamana na ukuta wa kikombe. Katikati inasimama stigma yenye vipande viwili vipana vya njano. Ovari iko ndani ya kikombe, juu ya kitako cha ua. Ukiikata kwa wembe utaona chumba kimoja tu, na mbegu zimeshika kwenye kuta mbili. Tunda ni kavu na hupasuka vipande viwili.

Anayeweza kukuchanganya zaidi ni kanesheni, kwa kuwa naye ana majani ya ubuluu yanayotazamana. Mtofautishe hivi: vifundo vya shina la kanesheni vimevimba, jani lake ni jembamba sana, sepali zake zimeungana kuwa mrija, na ukingo wa petali una meno. Kampanula ina kikombe kinachofanana na cha eustoma, lakini majani yake hupishana, shina likikatwa aghalabu hutoa utomvu mweupe, na ovari iko chini ya ua. Waridi lina miiba na jani la vipande vipande. Hapo hakuna ubishi.

Ndani ya jenasi yenyewe yupo pia Eustoma exaltatum, ambaye anafanana kwa kila kitu isipokuwa ua lake ni dogo zaidi. Katika familia pana, sisi huku tunao jamaa wa karibu kijiografia: Swertia kilimandscharica huota kwenye nyanda za baridi za Kilimanjaro na Mlima Kenya, na utaitambua kwa vishimo vya nekta juu ya petali. Huyo aachwe alipo. Halimwi bustanini na kuchimba miche hifadhini ni kosa. Mwingine ni Exacum affine wa kisiwa cha Sokotra, ua dogo la kupandwa chunguni, lenye harufu na stameni za njano zinazochomoza katikati. Huuzwa sana Ulaya kwenye vyungu vya dirishani.

Mahali panapoifaa

Inataka mchana wa nyuzi 20 hadi 25 na usiku wa 12 hadi 17. Kwa lugha ya huku, hizo ni nyanda za juu: Limuru, Naivasha, Timau, Lushoto, miteremko ya Meru, Njombe. Limuru na Njombe msimu wa baridi mmea hujikokota, ila bua huwa nene na refu. Pwani usiku ni wa joto mno kwa kitalu karibu mwaka mzima. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa asijisumbue na mbegu. Anunue miche iliyokuzwa nyanda za juu, aipande Juni, na akubali mabua mafupi.

Mvua ni adui kuliko baridi. Tone likikaa ndani ya ua usiku kucha, asubuhi petali zina madoa ya ukungu. Kilimo cha kuuza kinahitaji paa la plastiki, hata kama pembeni pako wazi. Jua kali la Januari na Februari lipunguzwe kwa neti ya kivuli ya asilimia 30. Zaidi ya hapo bua hulegea.

Mbegu

Gramu moja ina mbegu karibu 20,000, ndiyo maana huuzwa zikiwa zimevikwa udongo mweupe kuwa punje zinazoshikika. Usinunue zisizovikwa, utazimwaga fungu moja shimo moja na hutaweza kuzitenganisha.

Kwenye pakiti utakuta namba ya kundi, kuanzia 1 hadi 4. Namba ndogo ni aina zinazochanua mapema hata mwanga ukiwa haba na hali ikiwa baridi; namba kubwa ni za joto na siku ndefu. Huku tulipo, siku ina saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kundi la 1 na la 2 ndilo la kuanzia nyanda za juu za baridi, na la 2 au la 3 kwenye joto kidogo au msimu wa jua. Aina ya kundi la 4 ikipandwa Limuru itakaa na kukaa. Aina ya kundi la 1 ikipandwa kwenye joto huchanua ikiwa fupi, bua la sentimita 40 ambalo hakuna muuza maua analolitaka.

Mbegu karibu zote ni chotara za kizazi cha kwanza (F1). Ukikusanya mbegu za maua yako mwenyewe zitaota, lakini urefu na rangi vitakuwa mchanganyiko.

Kitalu

Piga hesabu kwanza. Bedi la upana wa mita 1 lenye wavu wa matundu ya sentimita 12.5 huchukua miche 64 kwa mita ya mraba. Bedi la mita 10 ni miche 640, nawe utie punje 750, kwa sababu zipo zitakazokataa kuota na zipo zitakazochelewa, na zilizochelewa hazifai kupandwa pamoja na wenzake.

Tumia trei ya mashimo 200 hadi 300. Jaza piti (mboji ya kinamasi) iliyochanganywa na pelaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano). Kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, pia inafaa ila ioshwe mpaka chumvi iishe; kama una kipimo cha EC, kinachopima chumvi, isizidi 0.75. pH iwe 6.5. Usitumie udongo wa shamba hata ukiwa umechomwa: hushikamana, na mzizi wa eustoma ni mmoja, mrefu na mwembamba, hauna nguvu ya kupenya.

Lowesha mchanganyiko kwanza. Weka punje moja katikati ya kila shimo, juu kabisa, usiifukie wala kuinyunyizia chochote, maana mbegu hii huota kwa mwanga. Nyunyiza maji kwa ukungu mwembamba mpaka uone punje imepasuka au imeyeyuka. Hapa ndipo wengi hupoteza nusu ya trei: punje ikilowa kisha ikakauka kabla ya mbegu kuota, ule udongo wake hugeuka ganda gumu na kijimche hufia ndani. Kwa siku 14 za mwanzo juu ya trei pasikauke hata mara moja. Funika kwa plastiki angavu au kitambaa chepesi, lakini weka kivulini. Plastiki juani hupika mbegu ndani ya saa moja.

Kwa joto la nyuzi 21 hadi 24, vijimche huchomoza siku ya 10 hadi ya 14. Ondoa kifuniko pindi mbegu nyingi zinapochomoza. Baada ya hapo huenda pole pole kiasi cha kukatisha tamaa: wiki ya nne jani la kweli halijazidi punje ya mtama. Usiongeze mbolea kwa kudhani zina njaa. Anza wiki ya tatu na kalsiamu nitreti gramu 3 kwa lita 10 za maji, mara moja kwa wiki, kisha gramu 6 kwa lita 10 kuanzia jozi ya pili ya majani. Urea na DAP zikae mbali na trei.

Sasa joto. Katika mbuga za kwao, mmea huu hupita majira ya baridi ukiwa majani machache yaliyolala duara ardhini, na baridi ndiyo inayouambia urefuke masika yakifika. Mche wa kitaluni unaopata joto kali utotoni hulala vivyo hivyo, halafu hukaa ukisubiri baridi ambayo pengine haitakuja. Hali hiyo wakulima huiita roseti. Kipindi cha hatari huanza pale mbegu inapolowa hadi jozi ya tatu ya majani. Mchana ukizidi nyuzi 28 na usiku ukazidi 20 kwa siku kadhaa mfululizo, sehemu ya trei itaingia roseti. Usiku wa joto huumiza kuliko mchana wa joto, na hilo watu hawalitegemei: hufungua madirisha ya banda mchana na kuyafunga jioni.

Kwa hiyo tundika kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, tena usawa wa trei, si kwenye nguzo juu ya kichwa. Chini ya plastiki tofauti yaweza kuwa nyuzi 5. Mbegu zikishaota, lenga mchana 18 hadi 22 na usiku 14 hadi 17. Weka trei juu ya meza ya waya ili hewa ipite chini yake, tandaza neti ya kivuli juu ya banda badala ya ndani, na mwagilia sakafu saa sita mchana. Panga msimu pia: anayetaka maua mwanzoni mwa Desemba apande mbegu mwisho wa Mei, ahamishe miche katikati ya Agosti, na hivyo kitalu chote kitapita kwenye miezi ya baridi.

Kwenye mashamba yenye chumba baridi ipo njia ya Wajapani: trei iliyopandwa na kuloweshwa hufungwa kwa plastiki na kuwekwa gizani kwa nyuzi 10 kwa wiki nne hadi tano kabla ya kutolewa kuota. Mbegu iliyopata baridi hiyo hustahimili joto la baadaye vizuri zaidi. Friji ya nyumbani ina nyuzi 4, ni baridi kupita inavyotakiwa.

Utajuaje roseti imeshaingia? Mche mzuri wa wiki ya tisa, ukiutazama kwa ubavu, unaonyesha nafasi ya shina kati ya jozi ya pili na ya tatu ya majani, hata kama ni milimita 3. Mche wa roseti una majani mapana, mengi, yaliyolalia udongo, na hakuna shina linaloonekana. Kwa macho ya asiyejua, huyo ndiye mche mnene na mzuri kuliko wote. Mtenge. Ukiwa na mahali penye nyuzi 10 hadi 15, wiki nne au tano humwamsha. Dawa ya jibereliki (homoni ya kurefusha shina) huwaamsha wengine na kuwaacha wengine, na bedi hubaki na vimo vitatu tofauti. Kama miche ya roseti haizidi moja katika kumi, kuitupa ni nafuu.

Kuhamisha

Muda ni wiki ya 9 hadi ya 11, mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani na donge la mizizi likitoka zima bila kumwagika. Usichelewe. Mzizi mkuu ukigonga chini ya shimo na kujikunja, mmea huo hautapona. Utachanua mfupi wenye maua mawili.

Bedi liwe limetayarishwa mwezi mmoja kabla. pH inayotakiwa ni 6.5 hadi 7, juu kuliko mazao mengi, kwa kuwa huu ni mmea unaopenda kalsiamu. Udongo mwekundu wa milimani mara nyingi uko kwenye 5.5 au chini yake. Kuupandisha hadi 6.5 kwa udongo tifutifu kunataka chokaa ya kilimo kama gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, lakini kipimo cha udongo ndicho kiamue. Ukipuuza hili, majani huwa ya njano na mmea husimama bila sababu inayoonekana. Ongeza mboji iliyooza sawasawa, ndoo ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, uchanganye hadi kina cha sentimita 30. Samadi mbichi isikanyage hapo. Inua tuta sentimita 20 ili maji yasituame.

Tandaza wavu wa matundu ya sentimita 12.5 juu ya bedi kabla ya kupanda. Utakuwa kipimo chako sasa na mhimili baadaye. Panda mche mmoja kila tundu, jioni au siku ya mawingu. Donge libaki limechomoza milimita 3 hivi juu ya udongo. Kulifukia shingo ndiyo njia ya haraka ya kuozesha shina, na mwanafunzi yeyote aliyezoea kupanda nyanya atalifukia usipomsimamia.

Maji, mbolea na wavu

Wiki tano za kwanza mwagilia kidogo kidogo na mara nyingi, hata kwa kunyunyiza juu, kwa sababu mzizi bado uko kwenye donge. Udongo unaozunguka ukiwa umelowa na donge lenyewe likawa kavu, mche unakufa kiu huku wewe unaona bedi bichi. Chomoa mmoja ujihakikishie. Baada ya hapo hamia kwenye umwagiliaji wa matone: laini tatu au nne kwa bedi la mita moja, matundu kila sentimita 20. Acha juu pakauke kati ya maji na maji. Matumba yakianza kuonekana punguza tena, bua liwe gumu.

Mbolea ya maji: katika lita 100 weka kalsiamu nitreti gramu 60 na potasiamu nitreti gramu 40, uitumie mara mbili au tatu kwa wiki kuanzia wiki ya pili. Kalsiamu nitreti isichanganywe kwenye ndoo moja ya mkorogo mzito na mbolea yenye fosfeti au salfeti, kwa mfano magnesiamu salfeti; hugandana kuwa unga mweupe na kuziba matone yote. Tumba la kwanza likipata rangi, acha mbolea.

Tatizo la hatua hii ni ncha kuungua: majani machanga ya kileleni hugeuka kahawia pembeni, hujikunja, na tumba la kati hufa. Watu hukimbilia dawa ya ukungu. Kinachokosekana ni kalsiamu kwenye ncha, na mara nyingi udongo unayo tele. Mmea umekua haraka kuliko maji yanavyoweza kuifikisha, hasa siku za mawingu na unyevu mwingi zikifuatiwa na jua kali. Punguza nitrojeni, pitisha hewa bandani, usiache bedi likauke kisha kulifurikisha.

Inua wavu kadiri mmea unavyopanda, ukae theluthi mbili ya urefu. Aina ndefu hufika sentimita 80 au 90 na huanguka na uzito wa maua. Tumba la katikati hutangulia mengine kwa wiki moja au zaidi. Likate kwa vidole likiwa dogo, na matawi ya pembeni yatachanua karibu pamoja. Bila hivyo utauza bua lenye ua moja lililochoka na matumba mabichi.

Wadudu na magonjwa

Kitaluni tazama vijiinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa trei. Si wao, ni mabuu yao yanayokula mzizi. Laza kipande cha kiazi mviringo kilichokatwa juu ya mchanganyiko kwa siku mbili, kisha kigeuze. Mabuu meupe yenye kichwa cheusi yakiwa chini yake, una kazi. Kausha juu ya trei kati ya maji na maji (baada ya mbegu kuota, si kabla), ondoa mwani wa kijani, tundika karatasi za njano zenye gundi. Kinyausi naye huja kwa trei iliyolowa mno: shingo ya mche huwa nyembamba, ya kahawia, mche ukalala. Toa ulioanguka pamoja na majirani zake.

Bedini adui namba moja ni vithiripi. Pukuta ua juu ya karatasi nyeupe: vijiti vidogo vya njano au kahawia vinavyotembea ndio hao. Hukwaruza petali zikabaki na michirizi, na hubeba virusi vya mnyauko madoa wa nyanya, ambavyo huweka duara za kahawia juu ya jani na haviponi. Mmea wenye virusi ung'olewe siku hiyohiyo. Magugu, nyanya na pilipili zisiwe karibu na banda. Dawa zibadilishwe kundi, kwani vithiripi huzoea haraka.

Mmea mmoja mmoja ukinyauka mchana ilhali udongo una unyevu, chimba kidogo shingoni. Ukikuta kahawia na tabaka la rangi ya chungwa juu ya ngozi ya shina, hiyo ni fuzari. Hakuna tiba, toa mmea na udongo wake, uuchome nje ya shamba. Uvimbe mwingi mwingi kwenye mizizi ni minyoo fundo. Utando wa kijivu chini ya majani ni ubwiri vinyoya, nao huja na usiku wa baridi na umande. Ukungu wa kijivu juu ya petali na kwenye visiki vya mabua ni botraitisi. Mwagilia asubuhi tu, na okota majani makavu.

Kuvuna

Tangu kuhamisha hadi kukata ni wiki 12 hadi 16, kutegemea joto. Kata maua mawili au matatu yakiwa yamefunguka na matumba mengine mawili yakiwa na rangi. Tumba lililokatwa likiwa kijani halifunguki, na lililoanza tu kupata rangi litafungukia ndani likiwa limepauka. Kata asubuhi mapema, umande ukishakauka, kwa kisu kikali. Toa majani ya theluthi ya chini, weka mara moja kwenye ndoo safi, acha yanywe kwa saa tatu au nne mahali pa baridi kabla ya kufunga mabua kumi kumi. Chumba baridi kiwe nyuzi 2 hadi 5.

Kwenye chombo nyumbani ua hili hudumu siku 10 hadi 14, na likitunzwa hupita hapo. Sukari husaidia kweli: gramu 20 kwa lita, pamoja na matone machache ya jiki kuzuia bakteria. Bila jiki, sukari huwalisha bakteria na bua huziba.

Ukitaka mavuno ya pili, wakati wa kukata acha jozi mbili au tatu za majani kwenye kisiki, toa mabua dhaifu, rudisha mbolea. Machipukizi yatakuja, mabua mafupi kuliko ya kwanza, baada ya miezi mitatu hivi. Inalipa kama bedi lina afya na soko la karibu halidai urefu wa sentimita 70. Kama fuzari imeshaonekana hata kwenye mimea michache, ng'oa lote.

Na bedi hilo lisipandwe eustoma tena msimu unaofuata. Zao la pili mfululizo hupungua kimo, la tatu hufa kwa mafungu, kwa sababu vimelea vya shingo na mizizi hubaki kwenye udongo. Panda nafaka au majani ya malisho kati, au tandaza plastiki angavu juu ya bedi lililolowa kwa wiki sita za jua kali, kingo zikiwa zimefukiwa. Wenye boila huchoma udongo kwa mvuke. Asiye na nafasi ya kuzungusha mazao akuze aina fupi kwenye vyungu vya sentimita 12 hadi 15, mche mmoja au mitatu kwa chungu, mchanganyiko mpya kila mara, na chungu kisikae ndani ya sahani ya maji.